Mtoto Mwenye Kidevu Kifupi Atazamwe Kwanza Pumzi

Watoto wanaozaliwa wakiwa na taya la chini lisilokua vya kutosha bado wanafikishwa kwetu wakiwa wamechoka kupumua, baada ya wazazi kuambiwa wasubiri kidevu kijae. Ni kweli kwamba kwa wengi taya huendelea kukua, lakini ukuaji huo huchukua miezi na miaka, ilhali hewa inahitajika sasa.

Hali hii, iliyoelezwa mwaka 1923 na daktari Mfaransa Pierre Robin, huanza tumboni katika miezi mitatu ya mwanzo: taya likiwa fupi, ulimi hukosa nafasi, hubaki juu na kuzuia pande mbili za kaakaa zisiungane. Mtoto akishazaliwa, ulimi uleule huanguka nyuma na kuziba koo. Mama hakusababisha jambo hili kwa kutazama kupatwa kwa mwezi wala kwa kumcheka mtu, na tunasikitika kwamba katika baadhi ya familia bado inabidi kulirudia hilo mbele ya mama ambaye ametoka kujifungua.

Nimempokea mtoto wa siku tatu ambaye, akilazwa chali, ngozi ya shingoni ilizama kila alipovuta hewa. Alipogeuzwa kifudifudi, midomo ilirudiwa na rangi yake kabla muuguzi hajamaliza kufungua mtungi wa oksijeni. Mlalo huo ni tiba inayofanyika chini ya uangalizi wa wahudumu, wala si ruhusa ya kumlaza kifudifudi kila mtoto nyumbani. Mlalo huo usipomsaidia mtoto, huwekewa kimrija laini puani, na wachache hufanyiwa upasuaji wa kurefusha taya.

Mtoto wa chini ya siku 28 anayepumua kwa shida au kupaliwa kila anyonyapo apelekwe mara moja katika kituo kilicho karibu. Kwa hapa Tanzania, usafiri wa dharura wa m-mama huombwa bila malipo kwa namba 115. Rufaa iandikwe kwenye fomu, ikitaja uzito wa kuzaliwa, namna mtoto anavyolishwa na mlalo uliomsaidia, na kadi ya kliniki iambatane naye. Wazazi wakumbuke pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawawajibisha kumpatia mtoto matibabu, na anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Kaakaa hufungwa kwa upasuaji baadaye, mara nyingi mtoto akikaribia au akishavuka mwaka mmoja. Kabla ya hapo apimwe usikivu, na macho pia, hata kama anaonekana kuona vizuri. Baadhi ya watoto hawa wana ugonjwa wa kurithi uitwao Stickler, ambao huleta uoni hafifu wa mbali na unaweza kubandua retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na wa nyumbani huenda wasigundue mpaka jicho limekwisha kuharibika.