Odi za Kentucky Derby wanazipanga waliovaa kofia

Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya mbio za farasi za Kentucky Derby, ikishapita, naletewa lalamiko lilelile: "Nilimkuta farasi yuko 12 kwa 1, yaani faida ya dola 12 kwa kila dola, nikaweka dau, nikalipwa 8 kwa 1. Uwanja umenipunja." Mwaka huu nimelisikia kwa watu wa Nairobi, wa Bukavu na wa Dar, wote wakazi wa hapa Louisville, Marekani, na wote wamezoea kubeti mpira kwa simu. Kazi yangu siku za mbio ni kukata tiketi dirishani, kwa hiyo naomba leo mnisikilize mpaka mwisho.

Ukibeti mpira, odi unayoiona unapobonyeza ndiyo utakayolipwa. Kampuni imekuahidi, na ikikosea hesabu inaumia yenyewe. Derby haiko hivyo. Pesa zote zilizowekwa kwa mshindi zinaingia kapu moja, uwanja unakata chake, kinachobaki wanagawana wenye tiketi za farasi aliyeshinda. Ni kama sinia la pilau: mikono ikiongezeka, tonge la kila mtu linapungua, na mpishi hana la kujibu. Mfumo huo aliubuni Joseph Oller huko Paris miaka ya 1860. Churchill Downs, uwanja wa Derby, waliushika sawasawa mwaka 1908, jiji lilipowapiga marufuku wapokea dau binafsi na Matt Winn, aliyeuendesha uwanja, akazirudisha mashine za kapu.

Tufanye hesabu. Chukulia kapu lina dola 1,000. Uwanja unakata asilimia 17.5, zinabaki 825. Kama farasi wako amewekewa dola 10 tu na akashinda, kila dola inalipwa 82.50, na tiketi ya dola 2 inakuletea 165. Sasa, umeshakata tiketi yako, anakuja shangazi mmoja amependa jina la farasi huyohuyo, anaweka dola 10 nyingine. Kapu limekuwa 1,010, baada ya makato zinabaki 833.25, zinagawanywa kwa 20. Tiketi yako sasa ina thamani ya dola 83 na senti kadhaa. Nusu imeondoka na uwanja haujagusa kitu. Makato yake ni yaleyale ashinde nani asishinde nani, ndiyo maana hadithi ya kwamba "wanapanga mshindi ili wasilipe" inanikera kuliko zote. Wanaolipa ni wale walioshindwa.

Kinachowatia watu wasiwasi zaidi ni ubao wa odi kubadilika wakati farasi wameshatoka getini. Nakubali, inaonekana vibaya. Lakini dau hufungwa geti linapofunguka, na pesa za dakika ya mwisho kutoka kila pembe ya Marekani huchukua muda kujumlishwa. Ubao unachelewa, haudanganyi.

Na odi zilizochapishwa kwenye gazeti la mbio asubuhi? Ni makisio ya mtu mmoja kuhusu mahali umati utakapopeleka pesa, basi. Mwaka 2022 Rich Strike alikisiwa 30 kwa 1. Alikuwa ameingia mashindanoni siku moja kabla, baada ya farasi mwingine kujitoa, na umati haukumtaka: alianza mbio akiwa 80 kwa 1, akawapita wote kwa ndani kwenye mita za mwisho. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 163.60. Waliomkatia tiketi asubuhi wakidhani wamepata 30 walilipwa 80. Hao sijawahi kuwasikia wakilalamika.

Ndiyo maana nasema kofia zina uzito. Wanaokuja ni watu karibu 150,000, mamilioni wengine wako kwenye sherehe za nyumbani wakinywa julepu ya mnanaa, pombe ya siku hiyo, na wengi wao hutazama mbio mara moja tu kwa mwaka. Wanachagua kwa jina, kwa rangi ya jezi ya mpanda farasi, kwa tarehe ya kuzaliwa. Mama mwenye kofia ya waridi pana kuliko meza ananunua tiketi ya farasi mwenye nguo za waridi, na pesa yake inazisogeza odi sawasawa na ya mtaalamu aliyekesha na takwimu. Mimi nawapenda sana hawa watu. Bila wao kapu lingebaki la wataalamu kutafunana wenyewe kwa wenyewe. Vaa kofia yako kubwa uje, ila fikiria mvua, na fikiria aliyekaa nyuma yako.

Dirishani sema hivi: mbio ya ngapi, dola ngapi, dau la aina gani, namba ya farasi. "Mbio ya 12, dola 2, ushindi, namba 21." Namba ni ile ya kwenye kitambaa cha tandiko, msiitafute getini, Rich Strike alivaa 21 katika mbio ya farasi 20. Soma tiketi kabla hujaondoka. Na usiichane mpaka ubao uandike kwamba matokeo ni rasmi. Mwaka 2019 Maximum Security alivuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, waamuzi wakakaa zaidi ya dakika 20 na video, wakamshusha kwa kuwazuia wenzake. Ushindi ukaenda kwa Country House, dola 132.40 kwa tiketi ya dola 2.

Sasa yale yanayonisumbua mimi. Husemwa kwamba umati ukiwa mkubwa, odi hukaribia ukweli. Kuanzia 2013 hadi 2018 farasi aliyewekewa dau kubwa kuliko wote alishinda Derby miaka sita mfululizo, na tukaelezwa sababu ni utaratibu mpya wa pointi ulioanza 2013, ambao farasi hufuzu kwa pointi za mbio za awali, uliowaondoa farasi wa mbio fupi. Vizuri. Kuanzia 2019 hadi 2025 hakushinda hata mmoja wao, na utaratibu wa pointi bado upo. Sijapata maelezo yanayoniridhisha. Jambo la pili ni wachezaji wakubwa wenye kompyuta, wanaomwaga pesa sekunde za mwisho wakijua odi zilipofikia, wakati wewe uliyepanga foleni dakika kumi huwezi tena kubadili chochote. Ni halali, na hesabu ya kapu ni ileile, lakini siwezi kukuambia kwamba mmesimama mahali pamoja. Derby kapu ni kubwa mno kiasi kwamba kishindo chao hupungua. Kwenye mbio ndogo za katikati ya wiki kinaonekana kwa macho.

Kwa hiyo anayeniuliza lini aweke dau namjibu: zikibaki dakika chache, ukiwa tayari kulipwa pungufu ya unachokiona ubaoni.