Unakula saa ngapi? Saa ya mwili, jeni na sukari ya mlinzi

Asubuhi moja aliingia kwenye chumba changu cha kliniki hapa Moshi mzee mmoja mlinzi, bado amevaa buti za kazi. Alikuwa ametoka lindoni moja kwa moja. Sukari yake kwa kipimo cha wastani wa miezi mitatu ilikuwa juu na haitaki kushuka. Lakini mkewe, aliyekuja naye, alisema kuna siku mchana humkuta mumewe usingizini ameloa jasho, akimwamsha anaongea maneno yasiyoeleweka, mpaka ampe soda ndipo anarudi sawa. Yaani sukari inapanda usiku na kuanguka mchana, kwa mtu yuleyule. Nikageuza kadi yake. Glibenklamaidi, kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, kama inavyoandikwa kwa kila mtu.

"Baba, hiki cha asubuhi unakimeza saa ngapi?"

"Nikishafika nyumbani, daktari. Saa mbili hivi. Nakimeza na maji, kisha nalala."

"Bila kula?"

"Nakuwa nimeshakula lindoni, saa nane usiku. Ugali na dagaa."

Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni ya kushusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo. Mzee wa watu alikuwa akiimeza na kulala kwa saa sita tumbo tupu. Aliyemwandikia, huko alikoanzia matibabu, hakumuuliza anafanya kazi gani. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili kabla ya siku ile, na sikumuuliza pia. Jambo hilo liliniuma, na ndilo linalonifanya niandike leo kuhusu somo ambalo nimelifuatilia kwa miaka: saa iliyomo mwilini, jeni zinazoiendesha, na magonjwa yanayokuja pale inapovurugwa kwa muda mrefu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati moja, kwamba lugha yetu huanza kuhesabu siku pale kunapokucha. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Huku kwetu, karibu na Ikweta, tofauti ya mapambazuko kati ya mwezi na mwezi haifiki hata saa nzima kwa mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo haitupotezi. Mwili nao huhesabu hivyohivyo. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana, kuna kifungu cha seli zipatazo 20,000. Hicho ndicho saa kuu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliipima kwa watu waliokaa bila kuona jua wala saa ya ukutani, wakakuta mzunguko wake kwa wastani ni saa 24 na dakika kama 11. Hizo dakika chache za ziada ndizo zinazofanya mwanga wa asubuhi uwe wa lazima: kila kukicha unairudisha saa mahali pake. Asiyeupata, saa yake hujikokota nyuma siku hadi siku.

Kwamba saa hii imeandikwa kwenye jeni, tulifundishwa na nzi wadogo wa matunda, hawa wanaozunguka ndizi zilizoiva jikoni. Mwaka 1971 Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer, huko California, waliwapata nzi wa aina tatu: wenye siku ya saa 19, wenye siku ya saa 28, na wasio na mpangilio wowote. Hitilafu zote tatu zilikuwa kwenye jeni moja. Mwaka 1984 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young waliipata jeni yenyewe, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Namna saa inavyokwenda naweza kuieleza kwa mfereji, na waliokulia mlimani watanielewa upesi. Ndani ya seli kuna wafungua maji wawili, protini ziitwazo CLOCK na BMAL1. Wakifungua, maji hutiririka na bwawa hujaa. Maji hayo ni protini nyingine, PER na CRY. Bwawa likijaa, PER na CRY hurudi juu kwenye lango na kuwazuia walewale waliolifungua. Mfereji unakauka. Usiku kucha maji yaliyomo bwawani yanapungua taratibu, yanakwisha, na lango linakuwa huru kufunguliwa tena. Mzunguko huo mmoja ni siku moja. Unafanyika karibu katika kila seli ya mwili: ini lina mfereji wake, kongosho lina wake, moyo, figo, mafuta ya tumboni. Saa kuu ya ubongo husikiliza mwanga. Saa ya ini husikiliza zaidi chakula. Mzee wangu anayekula ugali saa nane usiku na kulala mchana anaambia ini kwamba kumekucha, huku ubongo wake, unaoona giza, ukiliambia bado ni usiku wa manane.

Jeni hizi hazifanani kwa watu wote. Mwaka 2001 ilielezwa familia moja ya Marekani, ya jimbo la Utah, ambayo watu wake hupata usingizi mzito kama saa moja na nusu jioni na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, kizazi hadi kizazi, kwa sababu ya badiliko la herufi moja tu katika jeni ya PER2. Mwaka 2017 likapatikana badiliko la CRY1 linalofanya kinyume chake: mwenye nalo hulala usiku wa manane umeshapita, hata ajitahidi vipi.

Hapa watu huniuliza, basi hao wanaochelewa kulala ndio waliozaliwa na kisukari? Hapana, na ninaomba hili lishikwe vizuri. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watu karibu 700,000, ukabaini sehemu 351 za vinasaba zinazohusiana na mtu kuwa wa asubuhi au wa usiku. Watafiti wakauliza kama vinasaba vya kuwa mtu wa usiku, vyenyewe, vinaleta unene au kisukari aina ya pili. Hawakupata ushahidi huo. Walichokiona ni kwamba kuwa mtu wa asubuhi kuliambatana na afya bora zaidi ya akili. Kwangu mimi hilo linaeleweka ukizingatia shule, ofisi na ibada zote zimepangwa kwa ajili ya mtu wa asubuhi, na mwenzake anaishi maisha yake yote akiburuzwa na kuitwa mvivu.

Bibi yangu wa Kibosho aliamka saa kumi alfajiri kwenda kukatia ng'ombe majani, hakuhitaji jogoo. Kaka yake aliota moto mpaka usiku wa manane na asubuhi hakuamshika. Aliitwa mvivu mpaka anazikwa. Natamani angekuwa hai nimsomee utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe, pande za Ziwa Eyasi, na kuchapishwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa siku 20. Ukijumlisha usiku wote, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Muda wote uliobaki, kulikuwa na aliye macho. Watafiti wanaona kwamba tofauti hii ndiyo iliyowalinda binadamu walipolala porini: babu anaamka mapema, kijana anachelewa kulala, na simba hakuti kambi nzima imesinzia. Yule babu yangu alikuwa mlinzi wa zamu ya kwanza, ila alizaliwa kwenye zama za kengele.

Madhara yanakuja pale maisha yanapogombana na saa, siku nyingi mfululizo. Mwaka 2009 watafiti wa Boston waliwaweka watu 10 wazima katika siku bandia za saa 28, ili kula na kulala kwao kuzunguke na kutofautiana kabisa na saa ya ndani. Walipofika pale ambapo mchana wao umekuwa usiku, homoni ya leptini, ile inayouambia ubongo tumeshiba, ilishuka kwa asilimia 17, sukari ikapanda, na insulini ikapanda. Watatu kati ya wanane waliopimwa vya kutosha walionyesha sukari ya mtu anayeelekea kwenye kisukari. Walikuwa watu wenye afya, na ilichukua siku chache tu.

Na kuna jeni moja ninayoitaja kwa wagonjwa wangu mara nyingi kuliko zote, MTNR1B. Giza linapoingia ubongo hutoa melatonini, homoni inayotangaza usiku. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina milango ya kuipokea melatonini hiyo, na ikiingia, hupunguza mwendo. Ni sahihi kabisa, kwa kuwa usiku mwili hautegemei kuletewa chakula. Kati ya 2008 na 2009 iligundulika kwamba watu wenye badiliko fulani la jeni hii wana sukari ya juu zaidi asubuhi kabla ya kula, na hatari kubwa zaidi ya kisukari. Kongosho lao lina milango mingi zaidi, kwa hiyo breki ya usiku inashika kwa nguvu zaidi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Hispania uliowapima watu wazima 845 kwa kuwanywesha glukosi saa nne kabla ya muda wao wa kulala, na siku nyingine saa moja tu kabla. Ile ya kuchelewa sukari ilipanda zaidi kwa watu wote. Kwa wenye badiliko hilo, ilipanda zaidi ya wenzao.

Fikiria basi chakula chetu cha usiku, sahani kubwa kuliko zote za siku, mezani saa nne usiku, baada ya taarifa ya habari, saa tano watu wamelala. Fikiria chipsi mayai za saa sita usiku pale Arusha mjini, na dereva wa basi la usiku anayeshuka kula wali njiani. Sahani ileile ingeliwa saa kumi na mbili jioni, kongosho lingekuwa bado kazini.

Takwimu nyingi za vinasaba nilizozitaja zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Bara lenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani ni hili letu, na damu yetu bado imesomwa kidogo mno. Nawasihi vijana wanaosomea maabara hapa Moshi na kwingineko, lichukueni jambo hili kama lenu.

Lakini kwa mlinzi wangu sikuhitaji kipimo cha jeni. Mwaka 2018 uchambuzi wa watu zaidi ya 270,000 wa Uingereza ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyofanya zamu nyingi za usiku kwa mwezi, ndivyo uwezekano wa kuwa na kisukari ulivyokuwa mkubwa. Na kwa wale waliopimwa vinasaba, aliyerithi hatari ndogo ya kisukari hakuwa na nafuu katika uhusiano huo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani nalo, mwaka 2007 na tena 2019, liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani.

Kinachoniumiza ni kwamba tunajua la kufanya. Kila Ramadhani tunakaa na wagonjwa wetu Waislamu kabla mwezi haujaandama, tunahamisha dawa kwenda futari na daku, tunabadilisha vipimo. Mwezi ukiisha tunarudi kuandika "asubuhi na jioni" kwa muuguzi wa zamu, kwa mlinzi, kwa mama anayeshusha ndizi sokoni Mbuyuni kabla hakujakucha. Sasa kwenye kadi naandika "ukiamka, pamoja na chakula". Na kila mgonjwa mpya namuuliza maswali mawili: unakula saa ngapi, na siku ambayo hakuna anayekuamsha, unaamka saa ngapi?

Mzee tulimpangia upya, dawa ikafuatana na chakula. Chakula kikubwa anakila saa kumi na moja jioni kabla hajaenda lindoni. Usiku anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari, na njaa ikimbana anakula karanga kidogo. Asubuhi anakula kidogo, kisha mkewe anafunga dirisha kwa kitenge kizito chumba kiwe giza. Wewe unayesoma, usibadili dawa zako kwa kufuata za mzee huyu. Nenda na saa zako za kazi kwa daktari wako, umwambie hata asipouliza.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Jasho la mchana limekwisha, na kipimo kimeanza kushuka. Alipokuwa anasimama kuondoka akakumbuka jambo.

"Daktari, nina kijana wa kidato cha tatu. Halali mpaka saa saba usiku, asubuhi shuleni anasinzia. Mwalimu kaniita mara mbili. Nimemchapa, wapi."

"Akiwa likizo, baba, hana wa kumwamsha, anaamka saa ngapi?"

Mzee akafikiri, akamtazama mkewe.

"Saa nne," mama akajibu. "Saa nne kamili, na anaamka mzima, anaimba."