Nafasi ya kuhamishiwa Ulaya au Marekani hainunuliwi

Ujumbe huu hauchoki kuzunguka: mkimbizi akishaandikishwa kambini, siku moja atapelekwa Marekani, Kanada au Ulaya, ila alipie fomu kwanza ili jina lipande juu. Kiungo kimo, namba ya kutuma pesa imo.

Fomu hiyo haipo. Anayehamishiwa nchi ya tatu, yaani isiyo kwao wala ile aliyokimbilia, hutambuliwa kambini kwa uzito wa hali yake, kwa mfano mgonjwa asiyepata tiba hapo au mama aliye hatarini. Kisha hufuata mahojiano na vipimo vya afya, na nchi inayopokea ndiyo huamua. Yote hayo ni bure, na huweza kuchukua miaka. Kwa mwaka, wanaohamishwa hawafiki hata asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani.

Mkanganyiko nauelewa. Wakongomani wengi wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, walikwenda Marekani kweli. Jirani ameona kibanda kikibaki kitupu. Tena waliokwenda Marekani walitia saini mkopo wa tiketi ya ndege, wa kulipwa baada ya kufika. Habari hiyo ikipita midomo mitatu, inakuwa "lipa kwanza".

Kwa hiyo usiusambaze ujumbe huo, hata kwa nia ya kumsaidia ndugu. Mwambie aende dirisha la ulinzi (linaloshughulikia haki na usalama wa wakimbizi) hapo kambini na namba ya kadi ya familia, aulize faili lake liko wapi. Kuuliza hakutozwi hata shilingi.