Simu ya intaneti ukiwa ugenini: kasi si hoja

"Wi-Fi ya hoteli inasoma megabiti 50, mbona nikipiga simu nyumbani sauti inakatikakatika?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaosafiri, kwa kuwa wanajua kazi yangu ni mitandao ya sauti. Jibu langu huwaudhi kidogo: simu haihitaji megabiti 50. Haihitaji hata moja.

Tupige hesabu. Unapozungumza, programu huikata sauti yako vipande vya milisekunde 20, kila kipande kikafungwa kwenye pakiti yake, na pakiti 50 zikaondoka kila sekunde. Kinachoibana sauti hiyo iwe data ndogo ni kodeki. Inayotumika sana siku hizi ni Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, nayo kwa kilobiti 24 tu kwa sekunde hukupa sauti safi kuliko simu ya mezani. Ongeza anwani na namba za mfuatano zinazobandikwa kwenye kila pakiti, ambazo hula kama kilobiti 16 nyingine. Jumla ni kilobiti 40 kwenda na 40 kurudi. Ukiongea saa nzima umetumia takriban MB 36, na video ya dakika moja uliyorekodi kwa simu yako huenda ikawa nzito kuliko hapo. Simu ya video ndiyo inayomaliza bando. Ya sauti peke yake hailipunguzii kitu cha maana.

Kwa hiyo kinachoiua simu ni kitu kingine: pakiti zinafika lini, na zinafika kwa mpangilio gani.

Kuchelewa kwenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni mwako hadi sikioni mwa mwenzako. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 10,000 za kebo ya baharini ni milisekunde 50 tu. Kebo hazinyooki, na kila mtambo njiani hujichukulia chake, lakini hata ukiwa upande wa pili wa dunia mazungumzo yanawezekana vizuri. Mambo huharibika kwenye setilaiti za zamani zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu ni karibu robo sekunde, na hapo ndipo kila mmoja anamkatiza mwenzake, kisha wote wananyamaza, kisha wanaanza tena kwa pamoja. Ukiwa melini na mtandao ni wa setilaiti hizo, tuma ujumbe wa sauti ujipumzishe. Zile mpya zinazozunguka chini, kwenye kilomita mia kadhaa, hazina shida hiyo.

Adui halisi ni kuyumba. Fungua programu yoyote ya kupima ping, yaani milisekunde ambazo pakiti huchukua kwenda na kurudi, na uiache iendelee kwa dakika moja. Tuseme mtandao wa kwanza unakupa 80, 82, 79, 310, 85, 420, 81. Wa pili unakupa 180, 183, 181, 180, 182. Wengi watachagua wa kwanza kwa sababu namba zake nyingi ni ndogo. Mimi nitachukua wa pili bila kufikiri. Programu ya simu huwa na akiba ndogo inamozishikilia pakiti kidogo kabla ya kuzicheza, ili zile zilizochelewa zipate kufika. Ucheleweshaji ukiwa ule ule, akiba hiyo inakuwa fupi na sauti inatiririka. Ukirukaruka, programu ina njia mbili tu: kurefusha akiba, ambayo ni kuwachelewesha nyote, au kuzitupa zilizochelewa. Pakiti ya sauti haitumwi upya ikipotea, na ikifika baada ya zamu yake ni kama kuletewa mwavuli mvua imeshakatika. Hapo ndipo "nitafika kesho asubuhi" inageuka "nita... sho... buhi".

Nani anayeuyumbisha mtandao? Hotelini ni wageni wote waliorudi vyumbani jioni. Lakini mara nyingi ni simu yako mwenyewe. Umetembea kutwa ukipiga picha, na mara tu uliposhika Wi-Fi, simu imeanza kuzipandisha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandisha data huwa nyembamba, foleni inajaa kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi, na pakiti zako ndogo za sauti zinasubiri nyuma ya picha za machweo. Zima upandishaji huo kabla ya kupiga. Ndilo jambo la kwanza ninalowaambia watu, na mara nyingi halihitaji la pili. Ikibidi la pili, sogea karibu na ruta na uchague mtandao wa gigahezi 5 kama upo.

Dalili zina lugha yake, ukishaizoea unajua pa kushika. Sauti ikisimama kisha maneno yakaja kwa mkupuo, yaelekea mtandao huo umezuia njia ya kawaida ya sauti na programu imelazimika kupenya kupitia seva ya kati, kwa njia inayosubiri kila pakiti iliyopotea. Wi-Fi za ofisi na hoteli zenye ukurasa wa kuingilia ni mabingwa wa jambo hilo. Ukimsikia mwenzako naye hakusikii, baada ya kukagua maikrofoni, shuku ukuta wa ulinzi wa mtandao. Na mwangwi? Ukisikia sauti yako inakurudia, kosa haliko kwako: ni spika ya mwenzako inayoingia kwenye maikrofoni yake. Wewe utahangaika kubadili hedifoni bure. Mwambie yeye apunguze sauti au avae za kwake.

Mimi hupendelea data ya laini kuliko Wi-Fi ya hoteli, iwe laini ya nchi niliyofika au eSIM, yaani laini isiyo na kadi unayoipakua kwenye simu. Ila hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Ukitumia data ya laini ya nyumbani kwa romingi, yaani kupitia mitandao ya nchi uliyofika, mara nyingi data yako haiingii intaneti pale ulipo. Inasafirishwa kwanza hadi kwa kampuni yako ya nyumbani, ndipo itoke. Baadhi ya eSIM za wasafiri hufanya vivyo hivyo, isipokuwa zinatokea nchi ya tatu kabisa. Unaweza kuwa Japani huku intaneti yako ikitokea Ulaya, na simu ikazunguka nusu dunia pasipo sababu. Fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP iko nchi gani, utajua.

Mzunguko huo una faida yake mahali pamoja: kwenye nchi zinazozuia. Umoja wa Falme za Kiarabu unaruhusu ujumbe wa WhatsApp lakini unazuia simu zake, na wanaotaka kupiga huelekezwa kwenye programu zenye leseni. China inaizuia WhatsApp yote. Saudi Arabia nayo ilikuwa na marufuku ya simu za intaneti, ikalegeza mwaka 2017. Kwa kuwa data ya romingi hutokea kwingine, mara nyingi vizuizi hivyo haviigusi. Wengine hukimbilia VPN, programu inayoificha data yako na kuitolea nchi nyingine. Mimi siishauri kabla hujasoma sheria ya unakokwenda, kwa sababu huko Falme za Kiarabu kuitumia kwa jambo lililokatazwa kuna adhabu nzito. Kabla ya kuondoka, kubalianeni na watu wa nyumbani programu ya pili, waipakue na muijaribu mkiwa bado chumba kimoja. Kumfundisha mzazi kupakua programu kwa simu inayokatikakatika ni adhabu ambayo hakuna aliyeistahili.

Tukiwa kwenye maandalizi: laini ya nyumbani usiitoe wala usiitupe. Iache ndani, uzime data yake ya romingi, na utumie data ya laini nyingine. Akaunti yako ya WhatsApp inabaki kwenye namba ya zamani hata ukiwa na laini mpya, na programu ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa. Ukilazimika kuisajili WhatsApp upya, namba ya siri ya kuthibitisha itatumwa kwa SMS kwenye laini ile ile, kwa hiyo hakikisha itapokea ujumbe huko.

Halafu kuna mtego wa simu ya kawaida inayokuita usipoipokea. Inaweza kufika nchi uliko, ikakosa jibu, ikarudishwa nyumbani kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti, nawe ukatozwa safari zote mbili. Piga ##002# kabla ya kuondoka. Karibu kwenye kila mtandao wa GSM inafuta uelekezaji wote wa simu.

Kupiga simu ya kawaida kupitia Wi-Fi ni huduma nzuri kama kampuni yako inairuhusu ukiwa nje, maana namba ni ile ile na anayepokea hahitaji programu wala intaneti. Waulize bei kabla ya kusafiri: wengine huihesabu kama umepiga ukiwa nyumbani, wengine huitoza kama romingi. Weka simu kwenye hali ya ndege kisha uwashe Wi-Fi, vinginevyo inaweza kuponyoka kimyakimya ikapiga kupitia mnara wa nchi uliyomo.

Na kwa wale wenye simu za vitufe nyumbani, bado zipo huduma za kupiga kutoka intaneti kwenda namba ya kawaida, ingawa Skype iliyokuwa ikitegemewa na wengi ilifungwa Mei 2025. Unalipia kipande cha mwisho tu, kutoka mtambo wa intaneti hadi kwenye simu yake. Andika alama ya +, msimbo wa nchi, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo pale inapotumika. Mwambie mapema kwamba utaonekana kwa namba asiyoijua, pengine ya nchi ambayo hujawahi kufika, la sivyo hatapokea.

Programu hizi usizitegemee kuita polisi wala gari la wagonjwa. Kwa hilo tumia kipiga simu cha kawaida, na 112 hufanya kazi kwenye mitandao mingi ya simu za mkononi duniani, hata ukiwa huna salio.