Warumi wa Riwayani na Warumi wa Britania

Riwaya za vijana kuhusu Britania ya Kirumi zimewafundisha wengi historia kuliko darasa. Zimewaachia pia imani kadhaa zisizo sahihi.

“Legioni ya Tisa ilipotelea kwenye ukungu wa kaskazini.” Legioni ni kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, na kisa hiki kilienezwa zaidi na riwaya ya The Eagle of the Ninth ya Rosemary Sutcliff, iliyotoka mwaka 1954. Alichukua legioni ambayo habari zake zinakatika, akaifunga pamoja na tai wa shaba aliyefukuliwa Silchester mwaka 1866. Ni ufundi wa hali ya juu, ila si ushahidi. Legioni hiyo ilikuwa York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 108, na alama zake zimepatikana pia Nijmegen, Uholanzi, kwa hiyo huenda ilihamishwa tu. Tai naye anadhaniwa kuwa kipande cha sanamu, si nembo ya jeshi.

“Ukuta wa Hadrian ndio mpaka wa Scotland.” Hapana. Ukuta huo wa Kirumi wote umo ndani ya Uingereza yenyewe (England) ya leo, kusini mwa mpaka wa Scotland.

“Walinzi wa mpaka walikuwa Waitalia.” Hapa riwaya nyingi zimejinyima utamu. Legioni ziliujenga ukuta kuanzia mwaka 122, lakini waliokesha juu yake walikuwa hasa askari wasaidizi kutoka majimbo mengine. Katika karne ya 3, ngome ya Burgh by Sands ilikuwa na kikosi cha Wamauri wa Afrika Kaskazini. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, alifia York mwaka 211. South Shields kuna jiwe la kaburi la Regina, Mbritania aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru na kuolewa na Barates wa Palmyra, Syria. Chini ya Kilatini kuna mstari wa lugha ya Barates unaomlilia mkewe. Basi anayemlalamikia mwandishi kwa kumweka kijana wa Afrika Kaskazini ukutani, akasome mawe kwanza.

“Ngome ni mahali pa wanaume watupu.” Katika Vindolanda, ngome iliyo karibu na ukuta, viatu vya watoto vimefukuliwa ardhini. Vibao vya mbao vilivyoanza kupatikana hapo mwaka 1973 vina mwaliko wa karibu mwaka 100: Claudia Severa anamwalika Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda, kwenye siku ya kuzaliwa kwake Claudia. Kibao kingine kina mstari wa mshairi wa Kirumi Virgil, huenda zoezi la mtoto, na mkono mwingine umeongeza neno ambalo wataalamu wengine husoma kama karipio la mwalimu: uvivu.