Hijama si kukata mshipa

Juma lililopita nilimsikia mtu, kwa mara ya tatu mwaka huu, akieleza kwa kujiamini kabisa kwamba George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliuawa na hijama. Msemaji alikuwa kijana msomi, tena mwenye nia njema, kwa sababu alitaka kuwaonya wazee wa barazani kwetu wasikimbilie vikombe kila mgongo unapouma. Onyo lake sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na neno alilolitumia.

Hijama ni kuvuta damu kwenye ngozi kwa pembe, kikombe au gilasi iliyoondolewa hewa. Ngozi isipochanjwa, hiyo ni hijama kavu; ikichanjwa, damu kidogo hutoka na kuingia kikombeni. Kukata mshipa, ambako Waarabu hukuita fasd, ni kuufungua mshipa wenyewe, aghalabu wa mkononi, na kuiacha damu ichuruzike bakulini mpaka tabibu aseme basi. Maana ni hiyo tu, na mtu angedhani hakuna wa kuzichanganya.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Katika Kiarabu cha kale kitenzi hajama ni kunyonya, na kamusi zao hulieleza kwa mfano wa mtoto anyonyaye titi la mama yake. Siku hizi wauza huduma hupenda kusema kwamba hijama imetoka kwenye hajm kwa maana ya ukubwa, eti kwa kuwa huurudisha mwili katika kiasi chake cha asili. Maelezo hayo yanapendeza kwenye bango la duka, lakini mhijamu wa zamani alikuwa akinyonya kwa kinywa chake mwenyewe, na jina la kazi yake lilitokana na kile alichoonekana akikifanya.

Nasi tulikuwa na maneno yetu kabla ya hili la hijama kuenea. Kitenzi ni kuumika, na chombo ni chuku, ambacho wengine hukiita ndumiko. Nilipokuwa mdogo nilimwona mzee mmoja akiumika: alikuwa na pembe fupi ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, akaibandika begani kwa mgonjwa, akaifyonza hewa kwa nguvu hadi mashavu yake yakabonyea, kisha kwa ulimi akaisukuma nta iliyokuwa kinywani mwake ikaziba tundu. Pembe ilikaa pale imeshika kama kupe. Alipoibandua, ngozi ilikuwa imeinuka kama andazi, nyekundu, kubwa kuliko bega lilivyokuwa. Aliyekwisha kuuona uvimbe ule haulizi kwa nini mtu anayekuza habari kupita kiasi tunasema anapiga chuku. Hadi leo kamusi huziweka maana hizo mbili pamoja, ingawa wengi wanaijua ya pili peke yake.

Sasa turudi kwa matabibu, kwa kuwa hao ndio wanaosingiziwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Qanun mlango mmoja wa kukata mshipa, mlango mwingine wa hijama, na mwingine wa ruba. Asingejisumbua hivyo kama vyote vingekuwa kitu kimoja. Anasema wazi kwamba hijama husafisha pande za ngozi zaidi kuliko kukata mshipa, na kwamba huitoa damu nyepesi zaidi kuliko ile nzito. Ruba nao, kwa maoni yake, huvuta kutoka ndani zaidi kuliko hijama. Hizo ni ngazi, na tabibu alichagua ngazi kulingana na mahali alipoamini ugonjwa umekaa.

Imani iliyokuwa chini ya yote hayo ilikuwa ile ya michanganyiko minne ya mwili, yaani damu, balghamu, safura na sauda, ile nyongo nyeusi. (Lugha yetu bado inatembea na mabaki yake: belghamu ni kohozi kwetu, na safura, ambayo kwao ilikuwa nyongo ya manjano, kwetu imekuwa jina la ugonjwa unaoletwa na minyoo.) Nadharia hiyo imekwisha kuangushwa, na sina haja ya kuiinua. Ninachosema ni kwamba walioishika waliishika kwa mpango. Ibn Sina aliandika kwamba wako waliotaka hijama ifanywe katikati ya mwezi, wakati mbalamwezi imejaa na michanganyiko imechemka, si mwanzoni wala mwishoni. Alitahadharisha kuwa kuumika kisogoni huleta usahaulifu. Mtoto, alisema, anaweza kuumikwa katika mwaka wake wa pili, lakini aliyepita miaka 60 asiumikwe kabisa. Kwa kukata mshipa masharti yake yalikuwa mengine: alitaka, kadiri iwezekanavyo, aliye chini ya miaka 14 aachwe.

Hata serikali za miji zilijua tofauti hii. Katika mwongozo wa al-Shayzari wa karne ya 12, ulioandikwa kwa ajili ya wakaguzi wa masoko, kila fundi ana mtihani wake. Mkata mishipa afanye mazoezi kwenye mishipa ya majani ya mboga mpaka mkono wake unyooke, kwa kuwa atakayekosea atakata kisichopaswa kukatwa na mtu afe. Mhijamu yeye apewe karatasi iliyobandikwa juu ya tofali na aambiwe aichanje. Wembe wake ukiipenya karatasi hadi ng'ambo, mkono wake ni mzito na kazi hiyo haimfai. Mmoja hupimwa kama anaufikia mshipa, na mwenzake hupimwa kama anajua kuishia juu juu.

Ndiyo maana kwa maradhi makali, yale ya kuua, tabibu wa zamani alikimbilia mshipa na wala si chuku. Chukua kichomi. Qanun iliyotafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 ilisomwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka, na katika karne ya 16 madaktari wa huko walikaribia kushikana mashati juu ya swali moja: mgonjwa wa kichomi akatwe mshipa wa mkono wa upande unaouma, au wa upande wa pili? Pierre Brissot wa Paris alishikilia upande unaouma, akidai kuwarudia Wayunani dhidi ya njia ya Waarabu, na Andreas Vesalius, bingwa wa kupasua maiti, aliandika waraka mzima juu ya suala hilo mwaka 1539. Mabishano hayo hayana maana hata kidogo mtu akidhani wanazungumzia vikombe, kwani kikombe hubandikwa palepale panapouma na swali la upande halizuki.

Na huyo Washington? Tarehe 14 Desemba 1799, akiwa na umri wa miaka 67, koo lilimziba hata akapumua kwa shida. Alikatwa mshipa mara 4 katika siku hiyo moja, mara ya kwanza alfajiri na msimamizi wa shamba lake, kwa amri yake mwenyewe, kabla daktari yeyote hajafika. Kwa makadirio ya kawaida alipoteza zaidi ya lita 2 za damu. Mdogo kati ya madaktari 3 waliokuwapo, Elisha Dick, alipinga kutolewa damu kwa mara ya mwisho, wakubwa wake wakamshinda, na usiku huohuo mgonjwa akafariki. Chuku haziwezi kutoa lita 2 kwa siku, hata ukimbandika mtu pembe za zizi zima. Pierre Louis, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1835 hesabu zake za wagonjwa wa kichomi na kuonyesha kwamba kutolewa damu kuliwafaa kidogo mno kuliko ilivyodhaniwa, naye alikuwa akiipima hasa hiyo damu ya mshipani.

Nilipomweleza kijana yule haya, aliniuliza, "Kwa hiyo, mzee wangu, vikombe havina madhara?" Sikusema hivyo. Wembe uliotumika kwa mwingine hupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI bila kujali jina la tiba. Lakini siku nyingine akitaka kuwaonya wazee wetu, ambao zaidi ya nusu yao wamekwisha kuvuka miaka 60, amtaje Ibn Sina, kwa kuwa hao wanaotaka vikombe wanamheshimu kuliko wanavyomheshimu Washington. Na ikimbidi kumtaja Washington, aseme tu kwamba alikatwa mshipa.