Saintpaulia kujaa vyunguni hakujaiokoa ile ya msituni

Hapa Dar es Salaam, ukisema Saintpaulia, ua dogo liotalo kwenye majabali ya misitu ya Usambara, iko hatarini unajibiwa papo hapo: mbona imejaa madirishani Ulaya? Jibu hilo limenichosha, maana watu wanalirudia huku majabali yanabaki matupu.

Za vyunguni ni mahuluti, yaani machotara, na chimbuko lao ni mimea michache iliyotoka Tanga, ya kwanza ikichukuliwa na Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892. Kuzizidisha ni kazi nyepesi. Kata jani lililokomaa, bakiza kikonyo cha sentimita 3, chomeka kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, weka kivulini. Maji yakizidi, kikonyo kinaoza. Yakiwa ya kiasi, baada ya miezi miwili mitatu miche inachomoza. Lakini miche 100 ya majani ya mmea mmoja bado ni mmea mmoja: ugonjwa unaoua mmoja unaweza kuimaliza yote.

Kwa uhifadhi tunataka mbegu za wazazi tofauti. Chukua chavua (unga wa kiume wa ua) ya mmea mmoja, ipake kwenye stigma (ncha ya kike ya ua) ya mwingine wa jabali lilelile, kisha subiri miezi kadhaa tunda likauke. Mbegu ni laini kama vumbi. Zimwage juu ya mboji yenye unyevu, usizifukie, zinahitaji mwanga. Kila chungu kiandikwe jabali na kijito mbegu zilikotoka. Kisicho na kibandiko, miche yake haifai kurudishwa msituni.

Linaloniudhi zaidi ni orodha za majina. Zamani zilihesabiwa spishi kama 20. Mwaka 2006 zikapunguzwa hadi 6, na nyingi zikaingizwa chini ya spishi moja, ionantha, kama nususpishi, yaani vikundi ndani ya spishi hiyo. Kitaalamu sina ugomvi. Ila msomaji akiona ionantha ina eneo pana anatulia, wakati nususpishi fulani inaishi kwenye majabali machache tu yenye kivuli.

Kivuli hicho ndicho uhai wake. Miti ikikatwa, kuvumwani, utando laini unaofunika jabali, hukauka na miche michanga hufa kwanza. Mimea mikubwa huendelea kuchanua kwa muda. Kwa hiyo anayehesabu maua peke yake atarudi na ripoti nzuri ya jabali linalokufa. Hesabu miche.

Nina shaka hata na kurudisha miche ya mbegu pale ambapo miti haijarudi: inakauka upesi. Na mmea wa dukani usiupeleke huko kabisa. Nyuki hatofautishi huluti na asili; atachanganya chavua, na mbegu za jabali zima zitachafuka.